Ada ya Kumimina Maji

Siku ya kwanza nilimkuta ameinamia birika,
birika dogo la udongo, si la mchezo, la kuvunjika kweli,
anamimina maji kikombeni, anayarudisha birikani,
ulimi umechungulia pembeni mwa midomo
kama fundi cherehani anayetafuta tundu la sindano.

Nikasimama dirishani, nikapiga hesabu:
madumu manne ya mawese,
mikono hii iliyobabuka kwa pipa la kuchemshia chikichi,
ndiyo ada. Nimelipa mwanangu aje Katubuka
kumimina maji?
Kwetu Buzebazeba maji hayana somo la kumiminwa.
Hutafutwa.

Mama Hamimu hakuniacha nipumue:
"Wangu anataja A mpaka Z, na kiitikio juu.
Wako anajua nini?"

Wangu anajua kukunja mkeka.
Anajua kufunga vifungo vitano kwenye fremu ya mbao,
kuvifungua, kuvifunga tena, mpaka aridhike yeye.
Anajua kubeba kiti bila kukiburuza,
mikono miwili, kama sahani ya wali wa mgeni.
Herufi hajaitaja. Ameigusa:
vidole viwili juu ya msasa, sss,
akaniambia inakwaruza kama ulimi wa paka.
Ulimi wa paka kaujulia wapi, sijui. Hatufugi paka.

Mwalimu Bibiana hapigi meza.
Ntahondi alipodondosha glasi nilikuwepo,
nimepeleka sweta.
Darasa zima likageuka, nami nikalisubiri kofi
kwa sikio langu la utotoni, lile la kushoto.
Halikuja.
Ulikuja ufagio, mfupi, wa kimo chake,
na kizoleo. Akazoa vigae mwenyewe,
mwalimu akimwangalizia tu vile vyenye makali.
Kisha akapewa glasi nyingine.
Nyingine!
Njia nzima nilibishana na ile glasi.

Ijumaa mteja wa treni akataka chupa kumi.
Treni haimngoji mtu, ingawa yenyewe hungojwa sana.
Nikainamisha dumu kwa hasira za mambo mengine,
mawese yakaipita chupa, yakalipita beseni,
yakaenda zao sakafuni, mekundu, mazito,
bila haraka, kama wenye nyumba.
Nikatukana. Nikalitukana dumu,
na faneli iliyopotea tangu Pasaka,
na baba yake, ambaye hakuwepo.

Leokadia akaja na kitambaa.
Hakuuliza, hakucheka.
Akaanzia pembeni kuelekea kati,
akafuta, akakunja, akafuta kwa upande mkavu.
Dumu akalikataa kwa kichwa. Akaleta jagi,
akaniwekea kidole pale pa kuishia, nusu,
nikajaza nusu, mimi mama yake, kama niliyetumwa.

Akasimama kuliani kwangu.
"Angalia," akasema, kisha akanyamaza,
nikatambua kwamba somo limeshaanza.
Mkono mmoja kwenye mpini, mwingine chini ya kitako.
Mdomo wa jagi ukakaribia wa chupa, haukuugusa.
Uzi wa mawese ukashuka mwembamba
na ukakatika pale alipotaka ukatike.
Tone la mwisho akalipokea kwa kidole, akalilamba.
(La kulamba hakufundishwa.)

Miaka mitano haijatimia.
Mimi nauza mawese mwaka wa kumi na mmoja,
na sikuwahi kuisikia chupa inapokaribia kujaa:
sauti hupanda, hupanda, huwa nyembamba.
Aliniambia nisikilize hapo.

"Zamu yako," akasema.

Chupa tisa ziliiwahi treni.
Ya kumi niliimwagia, kidogo tu, shingoni.
Akaiona.
Hakusema kitu.
Akanisogezea kitambaa.